Super Cub: Pikipiki Iliyoachia Mkono wa Kushoto

Mwaka 1956 Soichiro Honda na mshirika wake Takeo Fujisawa walizuru Ulaya na kutazama pikipiki ndogo za huko. Fujisawa, aliyesimamia fedha na mauzo ya kampuni ya Honda, alikuwa na sharti gumu kwa pikipiki yao mpya: kijana anayepelekea watu tambi za soba aweze kuendesha kwa mkono mmoja, sinia likiwa kwenye mkono wa pili. Pikipiki ilitoka Agosti 1958 kwa jina la Super Cub C100. Kwangu mimi, sharti lile la sinia ndilo lililoiumba.

Mkono wa kushoto ukishakuwa na kazi nyingine, klachi ya kubana kwa vidole haiwezekani tena. Wahandisi wakabuni klachi inayojishika yenyewe. Injini ikizunguka polepole, vyuma vizito vilivyomo ndani ya klachi hutulia. Ukivuta mafuta, mzunguko huvisukuma nje, navyo hubana sahani za klachi hadi pikipiki iondoke. Ugumu halisi ulikuwa kubadili gia katikati ya mwendo, maana hapo klachi imeshika barabara. Basi wakaiunganisha na kanyagio la gia: mguu ukianza kukanyaga, klachi huachia kwanza, ndipo gia huingia. Dereva wa bodaboda anayeshinda kwenye foleni akibana klachi ataelewa mara moja thamani ya kazi hiyo.

Injini nayo ilikuwa ya kijasiri. Wakati ule pikipiki nyingi ndogo zilikuwa na injini za mipigo miwili, zinazochoma oili pamoja na petroli na kuacha moshi nyuma. Honda alichagua mipigo minne, ambayo haili mafuta ovyo. Katika cc 49 tu alipata nguvu-farasi 4.5 kwa mizunguko 9,500 kwa dakika, kasi kubwa mno kwa chombo cha kupelekea chakula. Silinda ililazwa karibu sambamba na ardhi, fremu ikashuka katikati, na hata aliyevaa sketi akaweza kupanda bila kurusha mguu juu ya kiti. Ngao ya plastiki ilizuia matope yasifike miguuni. Magurudumu ya inchi 17 yaliifaa Japani, ambako barabara nyingi zilikuwa bado za vumbi.

Shokapu za mbele sizisifu: ukishika breki ya mbele, pua huinuka badala ya kuinama.

Bei ilikuwa yen 55,000, na mwaka 1960 kiwanda kikubwa kilifunguliwa Suzuka kwa ajili yake. Kufikia Oktoba 2017 pikipiki za ukoo huu zilizotengenezwa zilikuwa zimetimia milioni 100. Toleo la C125 la mwaka 2018 lina gia nne na injini kubwa zaidi, lakini upande wa kushoto wa usukani bado hauna mkono wa klachi.