Fundi Asiyefungua Kabla ya Kusikia

Nyuma ya taa kubwa za magari mengi kuna mota ndogo inayoenea kiganjani, na madereva wengi hawajui kuwa ipo mpaka siku inapoanza kupiga kelele. Kazi yake ni kuinamisha na kuinua mwanga. Ukipakia viroba vya mchele kwenye buti na kuketisha watu watatu siti ya nyuma, gari hukaa kitako, pua inanyanyuka, na mwanga uliokuwa ukimulika lami unaingia machoni mwa dereva anayekuja. Ndiyo maana kwenye dashibodi kuna kigurudumu chenye namba kuanzia 0 hadi 3. Haja hiyo ni ya zamani. Citroën 2CV, iliyooneshwa Paris mwaka 1948, ilikuwa na springi laini mno, na dereva wake aliinamisha taa kwa kitasa cha mkono. Zilipokuja taa za xenoni, kanuni za Ulaya zikataka gari lijirekebishe lenyewe bila kumngoja dereva, kwa kuwa mwanga wa taa hizo ni mkali.

Nimewatazama mafundi umeme wa magari pale Gerezani, Dar es Salaam, wakifanya kazi nyingi, na kushughulikia mota hii ndiko kunakonivuta zaidi. Ni kazi ndogo isiyo na sifa. Mteja analeta gari kutoka Japani lenye miaka yake kadhaa barabarani, analalamika kwamba mbele kuna kitu kinalia, na fundi wa haraka anamwambia anunue taa nzima. Fundi ninayemheshimu hashiki hata bisibisi. Anazungusha ufunguo mpaka kabla ya stata, injini ikiwa kimya, kisha anamzuia kijana wake aliyekwisha kuinamia boneti: “Usifungue kitu. Sikiliza kwanza.” Kijana anajibu, “Sawa, fundi,” na wote wawili wanatulia.

Wanatulia kwa sababu, ufunguo ukiwa pale, si mota ya taa peke yake inayoweza kulia. Pampu ya mafuta huvuma kidogo kisha hunyamaza. Mlango wa hewa wa injini unaoendeshwa kwa umeme nao hunguruma. Hata mota ya taa yenyewe, kwenye gari linalojirekebisha, ina haki ya kulia kwa sekunde chache: taa zinashuka, zinapanda, zinatulia, gari likijipima. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa taa, mpini akauegemeza sikioni, na kelele iliyokuwa imetapakaa mbele nzima inapata mahali pake.

Baada ya hapo ni kutambua aina ya mlio. Ukisikia tk-tk-tk inayojirudia kisha inakata, kuna jino la gia limeondoka. Mkwaruzo mkavu ni grisi iliyokaushwa na joto la balbu. Mota ikizunguka vizuri huku mwanga ukutani hausogei, gololi iliyo kwenye ncha ya fimbo inayosukuma kioo cha ndani cha taa imetoka katika kikombe chake cha plastiki, na mota inasukuma hewa.

Mlio mgumu kuliko yote ni ule wa kutetemeka usiokwisha: zii, kimya, zii, kimya. Kuuelewa kunahitaji kujua kilichomo ndani. Mota inazungusha gia za plastiki, gia zinasukuma fimbo mbele au nyuma kwa milimita chache, na fimbo inainamisha kioo cha ndani kinachorudisha mwanga. Pembeni ya gia kuna njia nyembamba ya kaboni, na vidole vya shaba vinateleza juu yake kueleza fimbo imefika wapi. Saketi inalinganisha jibu hilo na agizo la dereva. Yakilingana, mota inasimama. Sasa kaboni ikilika au ikiingia vumbi, jibu linarukaruka. Mota inapita pale ilipotakiwa kusimama, inarudi, inapita tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Gia ni nzima, mota ni nzima, lakini haitatulia.

Hata hapo fundi mzuri haihukumu mota. Anazima swichi, anachomoa plagi, anazungusha ufunguo tena, anapima. Kwenye mifumo mingi ya kigurudumu nyaya ni tatu: umeme wa betri, ethi, na agizo. Volti za agizo zinapaswa kutulia, zibadilike tu anapozungusha kigurudumu. Zikicheza zenyewe, mgonjwa yuko kwenye dashibodi au kwenye ethi iliyoshika kutu. Kwenye magari yanayojirekebisha atalala chini atazame kihisi kilicho karibu na ekseli ya nyuma, maana kijiti chake hukatika au huganda kwa matope. Na mota za kushoto na kulia zikiwa za aina moja, anazibadilishana. Kelele ikihama na mota, kosa ni lake. Ikibaki palepale, basi ni nyaya. Napenda jaribio hili kupita kipimo chochote, kwa kuwa halina gharama na haliachi ubishi. Kwenye taa za xenoni anafanya yote haya taa zikiwa zimezimwa kabisa, kwani zinapowaka hupigwa zaidi ya volti 20,000.

Ukarabati wenyewe ni wa mkono mwepesi. Mota nyingi hutoka kwa kuzungushwa robo mzunguko. Grisi ya zamani inafutwa kwa brashi, inawekwa nyeupe isiyokula plastiki. Njia ya kaboni inasafishwa kwa pamba na spiriti, kamwe si kwa msasa, maana msasa unaondoa kaboni yenyewe. Vidole vya shaba vinapindwa kidogo sana viguse sehemu ambayo haijalika. Jino lililokatika haligundishwi. Inatafutwa gia nzima kwenye taa ya mtumba iliyopasuka kioo.

Kurudisha ndiko kunakotenganisha mafundi. Gololi lazima iingie kwenye kikombe usichokiona. Fundi anapitisha kidole kwenye tundu la balbu, anavuta mgongo wa kioo cha ndani kurudi nyuma kuelekea mota bila kugusa uso wake unaong'aa, mpaka isikike “tak”. Alama ya kidole chenye mafuta pale haifutiki bila kuharibu uso huo.

Mwisho gari linasimamishwa mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa na mtu ameketi kwenye usukani. Kwa gari dogo la kawaida, ukingo wa juu wa mwanga wa chini unatakiwa uwe kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Chaki inapigwa, skrubu ya kurekebishia taa inazungushwa polepole, kigurudumu kinajaribiwa toka 0 hadi 3.

Ukisikia mlio huu kwenye gari lako, usikubali plagi ichomolewe tu ili kelele iishe. Mota isiyo na umeme hubaki pale ilipokomea, na ikikomea juu, anayepofuka ni dereva wa upande wa pili.