Mtazame Miguu: Namna ya Kumpima Mshindani wa Vikwazo

Siku ambayo hakuna mpira, banda la video la Kilwa Kivinje huweka chochote chenye purukushani, na siku nyingine purukushani yenyewe ni watu wanaoning'inia juu ya maji, wanaruka, wanateleza, wanadondoka. Ukumbi hucheka mtu akianguka, hupiga makofi mtu akifika mwisho, basi. Mtazamaji wa namna hiyo hajaona nusu ya alichokilipia. Mashindano ya vikwazo yana ufundi wake, na pwani hii ya Kilwa hadi Lindi, yenye wakwezi na wavuvi, ina watu wengi wenye jicho la kuupima bila wenyewe kujijua.

Mama wa vipindi hivi ni Sasuke ya Japani, iliyoanza mwaka 1997 na kusambaa duniani kwa jina la Ninja Warrior. Huingia washindani 100, hatua ni nne, na anayegusa maji ametoka. Mara nyingi shindano zima huisha bila hata mmoja kufika juu ya mnara wa hatua ya mwisho. Wa kwanza kufika alikuwa Kazuhiko Akiyama, mwaka 1999. Wa pili Makoto Nagano, mwaka 2006. Akiyama aliwahi kuwa mvuvi wa kaa. Nagano alikuwa nahodha wa chombo cha uvuvi. Hao ndio waliotangulia wacheza sarakasi na wanyanyua vyuma wote, na mvuvi wa kisiwa cha Songo Songo akiambiwa hivyo hashangai hata kidogo. Kamba yenye maji, chombo kinachoyumba, na kazi isiyosubiri upumzike: hayo ni mazoezi ambayo hakuna ukumbi wa kulipia unaoyatoa.

Lakini usikimbilie kusema siri ni mikono. Anza kutazama miguu.

Simama chini ya mnazi wakati mkwezi anaanza. Mzuri utamjua hajapanda hata urefu wa mlango. Mikono yake inakumbatia gogo ili mwili usirudi nyuma, haina kazi nyingine kubwa. Unyayo unaingia kwenye kidato, goti linanyooka, mwili unapanda wenyewe. Mkwezi mbovu anajivuta kwa mikono, mgongo umepinda, miguu inafuata kama mzigo. Mnazi wa kwanza ataumaliza, pengine hata kwa kasi kuliko mwenzake. Mngoje mnazi wa nne.

Sasa rudi kwenye televisheni, kwenye ule ukuta uliopinda ambao kila mtu anaupenda. Kwenye Ninja Warrior ya Wamarekani ulikuwa na urefu wa futi 14, zaidi ya mita nne. Asiyejua hutazama mkono unaodaka ukingo wa juu. Wewe tazama hatua ya mwisho kabla ya mkono kuinuka. Mjuzi hupiga hatua fupi za haraka, kifua kikiwa karibu na ukuta, na mguu wa mwisho unasukuma juu, hausukumi nyuma. Asiyejua huruka mapema, kwa woga, akiwa bado kwenye mpindo. Vidole vinakwaruza ukuta, anateleza chini amekaa. Mwaka 2014 kule Dallas, Kacy Catanzaro, mwenye kimo cha futi tano tu, alikuwa mwanamke wa kwanza kuupanda ukuta huo, kisha wa kwanza kumaliza njia nzima ya fainali ya mji. Kwa kimo kile mikono ingemfikisha wapi? Irudie picha yake taratibu, uone miguu inavyofanya kazi.

Kwenye kuning'inia ndiko televisheni inakodanganya zaidi. Mtu aliyekunja viwiko anaonekana jabali. Misuli imetuna na kamera inamsogelea. Mpe sekunde chache. Kigasha kinaanza kutetemeka, vidole vinafunguka kimoja kimoja, na tayari ameshaanza kupiga mateke hewani akitafuta pa kukanyaga. Fundi hunyoosha mikono kabisa, akauacha uzito ukae kwenye mifupa na mabega, akakunja kiwiko pale tu anapohama. Akihama, mwendo hutoka nyongani: mwili unabembea mara moja, na mkono unaachia mwili ukiwa umefika mwisho wa bembea, ule mpito mfupi ambao mtu ni kama hana uzito. Akiachia kabla, hafiki. Akichelewa, anarudi na bembea nyuma na inabidi aanze upya, na kila kuanza upya kunakula kiganja.

Kwa hiyo nikiulizwa nitazame sehemu gani moja tu, nachagua hatua ya tatu ya Sasuke. Haina saa. Kuna zile kingo nyembamba za kushikwa kwa ncha za vidole, na mtu anapita kutoka moja hadi nyingine, miguu ikining'inia bure. Hapo mwenye pupa hana pa kujificha. Nagano nampa alama zote kwa utulivu wa sehemu kama hizo. Akiyama naye ana jambo lake: uoni wake ni hafifu sana, na bado alimaliza. Maana yake vipimo vingine alivichukua kwa mwili kuliko kwa jicho, kama baharia anayeshika henza gizani.

Usidharau vipande vya katikati, ambavyo mhariri wa kipindi hupenda kuvikata ili atuwekee mama wa mshindani analia. (Hadithi za machozi nazipunguzia alama bila huruma.) Mshindani akifika jukwaani kati ya kikwazo na kikwazo, anafanya nini? Anakung'uta mikono mmoja mmoja, anapumua, anakitazama kinachofuata? Au anainua ngumi ili watazamaji wamshangilie na kuondoka na pumzi juu juu?

Juu ya mwendo, Watanzania tuna somo letu wenyewe. Olimpiki ya Moscow, 1980, mita 3,000 kuruka viunzi na maji: viunzi 28 na madimbwi saba. Filbert Bayi alichomoka mapema akawaacha wenzake mbali, kama alivyofanya Christchurch mwaka 1974 alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa kuongoza tangu mwanzo. Safari hii Bronisław Malinowski wa Poland alimpita kwenye mzunguko wa mwisho, 8:09.7 kwa 8:12.5. Wapo wanaosema Bayi alikimbia ovyo. Sikubaliani nao. Mtindo ulikuwa wake, na ulimletea medali ya fedha. Ila mbio tupu husamehe kasi ya mapema kuliko mbio zenye viunzi, kwa sababu mguu uliochoka ukiwa barabarani unapunguza mwendo tu, ukiwa juu ya kiunzi unapoteza hatua, na dimbwi linakuongezea uzito wa kiatu. Mtazame mshindani yeyote wa vikwazo kwa jicho hilo: je, kasi ya kikwazo cha pili anaweza kuilipia kwenye cha nane?

Matokeo yasikupumbaze. Mwaka 2015 nchini Marekani, Geoff Britten na Isaac Caldiero walifika kwenye kamba ya mwisho, futi 75 kwa sekunde 30. Britten alitangulia, akaimaliza kwa sekunde 29.65, mtu wa kwanza kufanya hivyo kwenye mashindano yao. Caldiero akaja na 26.14, akachukua dola milioni moja. Britten hakupata hata senti. Kwa ubao wa matokeo mmoja ni mshindi na mwingine si kitu. Kwa mpimaji wa ufundi hawa ni mafundi wawili wa daraja moja.

Waliopita JKT Nachingwea watanicheka, maana wao ukuta wa mafunzo ya jeshi waliupanda na buti zenye tope, na hapakuwa na kamera. Wana haki ya kucheka.

Baada ya Olimpiki ya Paris 2024, pentathlon ya kisasa imeacha farasi, na Los Angeles 2028 nafasi yake itachukuliwa na vikwazo vya aina hii. Nitakesha nitazame. Ila njia ile ni fupi, haifiki mita 100, na mwamuzi ni saa peke yake. Humo mwenye kujivuta kwa mikono anaweza kumaliza kabla viganja havijamdai. Hatua ya tatu ya Wajapani bado naiweka juu.