Mpiga Ngoma ni Mtumishi wa Wimbo



Wahenga walisema, "Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake." Methali hii twaitumia tukimsema mtu ajipendeleaye, lakini leo nataka kuirudisha kwenye ngoma yenyewe. Katika makanisa yetu wako wapigaji waivutao ngoma kwao, wimbo wakauacha nyuma. Jambo hili lastahili kuangaliwa, kwa kuwa ngoma haikuingia kanisani kwa urahisi, na ikitumiwa vibaya hasara yake si ya masikio tu.

Katika miaka ya kwanza ya misheni, wamisionari wengi walikataza ngoma, maana waliiona kuwa ni mali ya matambiko na ya michezo ya usiku. Wakristo wakafundishwa kuimba kwa kinanda na kwa sauti za nyimbo za Ulaya. Kwa Wakatoliki mlango ulifunguliwa tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia. Humo yaelezwa kwamba muziki wa kila taifa upewe heshima yake, na kwamba vyombo vingine zaidi ya kinanda vyaweza kukubaliwa, maadamu vyafaa kwa ibada. Wengi hukumbuka ruhusa hiyo na kulisahau sharti lake.

Kabla ya hati hiyo kutoka, mfano mwema ulikuwa umekwisha kuonekana huko Kamina, mji wa Katanga katika nchi ya Kongo, ambako Kiswahili chasemwa kama kwetu. Hapo alikuwako Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Alikusanya wavulana wapata 45 wa miaka 9 hadi 14, pamoja na waalimu 15 wa shule, akawafanya kwaya. Mwaka 1958 kwaya hiyo iliimba Misa iitwayo Missa Luba, na mwaka uo huo wakasafiri mpaka Ulaya wakaiimba huko. Maneno yake ni ya Kilatini, yale yale ya Misa ya zamani. Sauti na mapigo ni ya kienyeji. Hapana kinanda, ila ngoma na vyombo vya kupigwa na kutikiswa. Tena haikuandikwa kwanza kwa noti: waimbaji waliizoeza pamoja, ikakomaa vinywani mwao. Iliwekwa katika sahani za santuri, na leo mtu aweza kuisikiliza hata kwa simu yake.

Nawaomba wapigaji wetu waisikilize sehemu iitwayo Sanctus, yaani Mtakatifu. Mwanzo wake ni wa polepole. Mapigo ni machache na laini, kama hatua za mtu aingiaye mahali patakatifu, na sauti za watoto zapita juu yake bila kuzuiwa. Kisha waimbaji wanapofika penye Hosana, mwendo wageuka na ngoma zaamka kwa furaha. Sababu ya kugeuka huko ni maneno yenyewe: kwanza ni hofu mbele ya Mungu, kisha ni shangwe. Mpigaji hakuchagua mahali pa kuonyesha nguvu zake. Maneno ndiyo yaliyomchagulia. Na hata hapo penye shangwe, Hosana yasikika wazi kila irudiwapo.

Tena fikirini jambo hili. Maneno yale ni Kilatini, na katika wasikilizaji wengi ni wachache tu wayajuao. Hata hivyo wapigaji wa Kamina waliyatunza kama mtu abebaye yai. Basi sisi tuimbao kwa Kiswahili, lugha ambayo kila mtu kanisani aielewa, tutatoa udhuru gani tukiyameza maneno yetu wenyewe?

Kuyatunza maneno ni kazi yenye elimu yake. Kila mtoto wa shule ajua kwamba katika Kiswahili mkazo hukaa kwa kawaida kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika neno Mwokozi twakaza "ko". Katika neno msalaba twakaza "la". Mkazo ukihama, neno huharibika, na pengine maana hubadilika kabisa. Neno barabara likikazwa silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Likikazwa ya tatu, ni njia ya magari. Sasa, nyimbo nyingi tulizozipokea zilifasiriwa ili ziingie katika sauti za Ulaya, na mara nyingi pigo zito la sauti huangukia silabi isiyostahili. Mpigaji asiyefikiri hugonga hapo hapo kwa nguvu zake zote, akalipinda neno zaidi. Mpigaji mwenye busara hulegeza mkono hapo, akaliweka pigo zito penye mkazo wa neno. Watu hawatajua amefanya nini. Watasema tu kwamba leo wimbo umewaingia moyoni.

Makosa niyaonayo katika kwaya zetu ni matatu. La kwanza ni kujaza kila nafasi. Mwisho wa ubeti waimbaji hupumzika ili wavute pumzi, na wasikilizaji wapate kuyatafakari waliyoyasikia. Mpigaji aonapo kimya hicho hudhani ni shamba lisilo na mwenyewe, akaingia na madoido yake, na maneno ya kwanza ya ubeti unaofuata yakapotea katika vumbi lake.

La pili ni mbio. Wimbo waanza kwa mwendo wa kutembea, wamalizika kwa mwendo wa kukimbia, na wazee waachwa njiani. Mwenye ngoma ndiye ashikaye mwendo wa wote. Akiongeza haraka kwa kuwa damu yake imechemka, hakuna awezaye kumrudisha, maana sauti yake yashinda za wote.

La tatu ni kushindana. Siku hizi ngoma huwekwa karibu na kipaza sauti, na katika mashindano ya kwaya wako wapigaji warushao fimbo juu na kuzidaka. Hapa lawama si yao peke yao. Sisi tuliokaa ndiko zitokako vigelegele. Tukimshangilia mpigaji kwa sababu ya fimbo iliyorushwa, wala tusimshangilie kwa ubeti uliosikika, twamfundisha kutafuta fimbo.

Labda mtu atasema, "Mwalimu, wewe wataka ngoma ife. Ustadi ni kipawa cha Mungu. Kwa nini ufichwe?" Sitaki ngoma ife, wala siudharau ustadi. Zipo ngoma ambazo zenyewe ndizo neno. Huko Burundi, katika Kirundi, neno ingoma maana yake ni ngoma na pia ni ufalme. Ngoma zao za kifalme ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa mataifa mwaka 2014. Mpigaji wa Burundi huruka na kucheza mbele ya watu, na hakuna wa kumlaumu, maana watu wamekuja kuiangalia ngoma. Lakini tazameni hata hapo. Ngoma moja iitwayo inkiranya huwekwa katikati nayo huongoza. Ziitwazo amashakwe hushika pigo moja lisilobadilika. Na ziitwazo ibishikizo huifuata ile ya katikati. Kama kila mpigaji angetaka kuwa wa katikati, ingebaki kelele tu. Basi ikiwa penye ngoma za mfalme wako wengi waliokubali kushika pigo moja, si aibu kwa mpigaji wa kwaya kufanya vivyo hivyo mbele ya Neno la Mungu.

Na mambo haya si ya kupendeza masikio tu. Katika vijiji vyetu wangali wako wazee wasiojua kusoma. Kwa mtu kama huyo wimbo ndio kitabu chake. Yale ayajuayo ya kuzaliwa kwa Bwana, ya mateso yake na ya kufufuka kwake, mengi aliyapata kwa nyimbo. Ubeti ukimezwa na ngoma, ni kama ukurasa uliochanwa. Ubaya huu huonekana zaidi msibani. Mjane ameketi karibu na jeneza, na maneno ya faraja yameandaliwa kwa ajili yake. Kisha kijana mmoja mwenye mikono mepesi ayafunika yote. Mjane huyo arudi nyumbani akiwa amesikia ngoma, wala hakusikia ahadi.

Mtume Paulo aliliona neno hili zamani. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, atoa mfano wa filimbi na kinubi na tarumbeta, akaonyesha kwamba sauti zisipotambulikana mtu hajui kinachopigwa wala hajiweki tayari kwa vita. Kisha asema ya kuwa maneno machache yenye kueleweka kanisani ni bora kuliko maelfu yasiyoeleweka. Sidhani kama angeyahesabu mapigo kwa njia nyingine.

Basi nawashauri viongozi wa kwaya mambo mawili. Kwanza, mpiga ngoma ajifunze maneno ya wimbo kwa moyo kabla ya kupewa fimbo, tena aweze kuyasema yote bila kitabu. Asiyeyajua maneno atayatunzaje? Pili, siku ya mazoezi mwekeni mtoto wa darasa la nne nyuma kabisa, karibu na mlango, na kalamu na karatasi, aandike imla ya ubeti kwaya inapoimba pamoja na ngoma. Kisha karatasi yake isomwe mbele ya wote. Akiwa ameandika ubeti mzima, mpeni mkono mpiga ngoma, maana amefanya kazi yake. Akiwa ameacha nafasi tupu, msimkemee mtoto. Mwonyesheni mpigaji nafasi hizo, kisha wimbo uanzwe tena.