Mtoano Ndani ya heapq.py

Intaneti ikikatika, mimi na vijana tunafungua mafaili yanayokuja na Python yenyewe. Jamani, someni heapq.py! Heappush ni mistari michache tu, lakini mwanzoni mwa faili François Pinard ameweka maelezo marefu: namba zinapambana mbilimbili kama timu kwenye mtoano, ila hapa ndogo ndiyo inashinda na kupanda juu. Vijana wangu wa mpira walishika hapohapo.

Halafu anarudi zamani, data ilipopangwa kwa tepu, na kusifia ilivyopendeza kutazama. Wengine watasema amepotea njia. Mimi hapo ndipo nilisikia mtu anaongea.

Kasoro moja: yote Kiingereza. Nikitafsiri kwa mdomo, wa nyuma hawasikii. Kwenye nakala yetu tumeanza kuandika ya Kiswahili. Tumefika kwenye tepu.