Watu Kama Nukta

Tulipokuwa watoto tulichora bahasha mavumbini: mstatili, ndani yake mistari miwili inayopishana, juu yake pembetatu kama paa la nyumba. Sharti lilikuwa moja, kidole kisiinuke na mstari usirudiwe. Aliyeanzia pembe ya chini alifaulu, aliyeanzia juu alikwama, wala hapakuwa na mtu wa kutueleza sababu. Nilikwisha kuwa mwalimu wa hisabati ndipo niliposoma kwamba Leonhard Euler alilijibu swali hilo mwaka 1736, alipoulizwa kama inawezekana kuyavuka madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu. Hesabu mistari inayokutana katika kila nukta. Nukta zenye hesabu ya witiri zikizidi mbili, umekwama kabla hujaanza. Bahasha yetu ina mbili, na zote ziko chini. Claudia Zaslavsky, katika kitabu chake Africa Counts cha mwaka 1973, anasimulia jinsi Emil Torday, msafiri kutoka Hungaria, alivyowakuta watoto wa Wakuba huko Kongo, mwanzoni mwa karne ya 20, wakichora mchangani michoro migumu kuliko yetu kwa sharti lile lile.

Natanguliza hayo ili msomaji asidhani kwamba nimekuja kuipiga vita nadharia ya grafu. (Grafu hizi si zile za shuleni, zenye mhimili wa wima na wa mlalo. Hizi ni nukta na mistari inayoziunganisha, basi.) Ni elimu iliyotembea sana. Kirchhoff aliitumia kwa mikondo ya umeme mwaka 1847. Cayley alianza kuihesabu miti yake mwaka 1857, na baadaye akaipeleka katika kemia. Jina lenyewe la grafu lilitolewa na Sylvester mwaka 1878, akiwaza michoro ya wanakemia. Kila ilikofika ilikaribishwa kama mgeni anayejua kufunga mizigo vizuri. Ninalotaka kulijadili ni safari yake ya kwenda kwa binadamu.

Kitabu kilichonifikisha hapo ni Structural Models in Anthropology cha Per Hage na Frank Harary, kilichotolewa na Cambridge University Press mwaka 1983. Nilikinunua Dar es Salaam katika vitabu vya mitumba, mwaka 2003, kwa sababu jina la Harary nilikuwa nalijua. Hage alikuwa mwanaanthropolojia. Harary, aliyefariki mwaka 2005, alikuwa mwanahisabati, kwa miaka mingi wa Chuo Kikuu cha Michigan, naye hakupata kuona taaluma ambayo hakutaka kuibishia hodi. Kitabu ni kizuri. Nilikisoma usiku kwa taa ya chemli, na baada ya wiki mbili nilikuwa siwezi kumwona jirani bila ya kumwona nukta.

Na hapo ndipo nilipokosea. Wakati huo nilikuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana katika kitongoji chetu, huku Kagerankanda. Nyumba zetu hazikusongamana. Kati ya mji na mji pana migomba, pana mihogo na maharage, na ng'ambo ya mashamba ni msitu. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Ukitokea msiba, habari zilikwenda ovyo: huyu akimwambia yule, mtoto akitumwa huku, mwingine akipita njiani na kupiga kelele uani. Nyumba nyingine ziliamshwa mara nne usiku mmoja, na watu wakalalamika katika mkutano kwamba katibu hana utaratibu.

Basi nikakaa na kalamu. Tulikuwa nyumba 31. Nilipojaribu kuchora jinsi habari zilivyokuwa zikienda, nilipata mistari zaidi ya 80. Sasa, nadharia inasema kwamba ili kuziunganisha nukta 31 mistari 30 inatosha, na mchoro wa namna hiyo, usio na mzunguko wowote, huitwa mti. Nikauchora mti wangu. Kila nyumba ilikuwa na mtu mmoja wa kuipasha habari, hakuna aliyeambiwa mara mbili, hakuna aliyeamshwa bure. Niliusoma mbele ya mkutano mwaka 2004 na nikapigiwa makofi.

Miezi mitatu baadaye alifariki mzee mmoja upande wa Makere. Dada yake, bibi mjane, alikuwa anaishi mwisho kabisa wa kitongoji chetu, karibu na msitu. Katika mti wangu alikuwa na mstari mmoja, na mstari huo ulipita kwa kijana aliyekuwa jirani yake. Kijana alikuwa ameingia msituni kuangalia mizinga yake ya nyuki, na alilala huko siku tatu. Wengine wote walijua, na kila mmoja alinyamaza, kwa sababu utaratibu ulisema kwamba bibi ana mtu wake wa kumwambia. Ndugu yake alizikwa bila yeye kuwapo.

Alikuja kwangu siku ya nne. Hakunigombeza. Alikaa kwenye mkeka, akamsalimu mke wangu, akauliza hali ya watoto, kisha akasema, "Mwalimu, katika watu wote hawa, mimi ulinipa mtu mmoja tu?"

Ningeweza kusema kwamba hesabu ilinidanganya. Haikunidanganya. Katika mti kila mstari ni daraja, maana yake ukiukata mchoro unagawanyika. Na kila nukta iliyo katikati ya njia, ukiiondoa, walio nyuma yake wamepotea. Harary mwenyewe ameyaandika hayo kwa uwazi katika Graph Theory yake ya mwaka 1969. Niliyasoma na kuyafanyia mazoezi. Ila mimi nilitafuta mchoro wenye mistari michache, nikasahau kuuliza ile mistari mingine hamsini ilikuwa na kazi gani. Ile iliyonionekania ovyo ndiyo iliyokuwa ikimfikia bibi hata nyuki wakiwa na asali.

Tangu siku hiyo nimekirudia kitabu kile kwa jicho jingine, na kuna mahali ambapo nadhani waandishi nao wanavutwa na ule ule uzuri wa mchoro ulionivuta mimi. Ni pale wanapoweka alama kwenye mistari: ya kujumlisha kwa urafiki, ya kutoa kwa uadui. Wazo lilianza kwa Fritz Heider, mwanasaikolojia, mwaka 1946. Mwaka 1956 Dorwin Cartwright na Harary wakalitilia hesabu. Chukua watu watatu. Wakipatana wote, mambo yametulia. Wawili wakipatana na wote wawili wakamchukia wa tatu, yametulia vilevile. Lakini mimi nikipatana na wawili ambao wao kwa wao hawapatani, pembetatu yetu haina mizani, na kwa mujibu wa nadharia inavutwa kubadilika: ama wapatane, ama mimi nichague upande. Kisha inakuja kanuni yao, fupi na safi: kundi lenye mizani kamili ama ni marafiki watupu, ama limegawanyika kambi mbili, urafiki ndani ya kila kambi na uadui kati yao.

Hage na Harary wanaitumia kanuni hiyo kwa vikundi 16 vya Wagahuku-Gama wa milima ya Papua New Guinea, ambavyo mwanaanthropolojia Kenneth Read alivieleza mwaka 1954. Ukiutazama mchoro huo unaona kweli nani alipigana na nani. Na tuwe waadilifu: mwaka 1967 James Davis alikwisha kuonyesha kwamba makundi yanaweza kuwa zaidi ya mawili, na hakuna kati yao aliyesema kwamba mizani ndiyo wema. Walisema ndiyo utulivu.

Mimi ni mtu wa Kasulu. Mwezi wa Oktoba 1993 aliuawa Rais Ndadaye wa Burundi, na watu wakamiminika katika wilaya zetu, Kasulu na Kibondo. Mwaka 1996 walikuja wa Kongo, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena. Nimezungumza na wengi wao, nimewasomesha baadhi ya watoto wao. Na karibu kila aliyenisimulia alikokimbia alisimulia kitu kimoja: ilifika siku ambayo jirani aliyekuwa rafiki wa huku na huku alilazimishwa kuchagua. Wale wa katikati ndio waliotafutwa kwanza. Kwa lugha ya Cartwright na Harary, nchi ilikuwa ikielekea kwenye mizani.

Nyumbani kwetu jambo ni dogo zaidi. Kaka zangu wawili hawakusalimiana kwa miaka tisa kwa ajili ya mpaka wa shamba, na miaka yote hiyo mimi nilikula kwa huyu na kulala kwa yule. Pembetatu mbaya kabisa katika kitabu. Nayo ilidumu, si kwa bahati, bali kwa kazi: kupeleka salamu ambazo hazikutumwa, kukaa katikati ya benchi msibani. Burundi wana wazee wao, bashingantahe, ambao heshima yao yote ni kusimama mahali hapo pasipo na utulivu. Nadharia inaiona pembetatu yao kama mvutano unaongoja kwisha. Haina alama ya kumwonyesha mtu anayeushika mvutano huo mkononi mwaka hadi mwaka ili usiishie vibaya. Mstari wake hauna tarehe, wala jasho. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo kitabu kinapofika mwisho wa uwezo wake, na ningependa waandishi wangeliandika hilo kwa sentensi mbili tu, kwa ajili ya wasomaji wa haraka kama nilivyokuwa mimi.

Mti wangu niliuchana. Katika utaratibu mpya kila nyumba ilipewa watu wasiopungua wawili, nao wasiwe wa njia moja, na mtu yeyote aliyesikia aliruhusiwa kumwambia yeyote. Malalamiko ya kuamshwa bure yalirudi. Bibi yule alifariki mwaka 2011, usiku wa mvua. Habari zake zilinifikia mara tatu, na ya tatu ilinikuta nimekwisha kuvaa viatu.