Bambo la Mhariri

Mnunuzi wa mahindi hapa Nakuru haamini mdomo wa gunia, maana hapo juu ndipo muuzaji alipozipanga punje zake nzuri. Huchoma bambo ubavuni, akaikinga kiganjani nafaka iliyofichika katikati, akatia punje moja menoni, na mlio wake ukamwarifu kama imekauka au ingali na maji. Nami, baada ya miaka mingi ya kuhariri habari za Bonde la Ufa, nimezoea kuipima habari kwa namna iyo hiyo: sitazami kichwa chake wala picha yake, bali huchoma pale palipoandikwa "mtaalamu asema", nione kitokacho.

Kwanza nauliza kama mtaalamu huyo amelifikia jambo lenyewe, au jambo limemfikia yeye kwa simu. Machi 2018, ardhi ilipopasuka upande wa Suswa na kuikata barabara iendayo Narok kutoka Mai Mahiu, magazeti ya nchi za baidi yaliutangazia ulimwengu kwamba Afrika inagawanyika, na miongoni mwa walionukuliwa walikuwamo wanajiolojia wa yakini, wenye shahada zisizo na shaka, ambao walakini ufa huo waliuona pichani tu. Hawakusema uongo, kwani bara linaachana kweli, milimita chache kila mwaka. Lakini wajuzi walioutazama udongo wenyewe, yale majivu ya volkano yaliyolegea na mvua kubwa iliyokuwa imenyesha, walileta maelezo madogo na mazito zaidi, kwamba maji yalikwisha kuchimba njia chini kwa chini hata dari ikaporomoka. Mwandishi mchanga alitafuta ajuaye mabara. Mwandishi fundi alitafuta ajuaye udongo wa Suswa.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawapokei neno bila sanadi, yaani fulani kalisikia kwa fulani hadi kwa aliyekuwapo, na sijaona kipimo bora kuliko hicho kwa ufundi wetu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mafuriko yalipoangamiza makumi ya watu kule Mai Mahiu, habari za asubuhi zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikabainisha kuwa kilichoachia si bwawa, bali ni maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na miti, mawe na matope. Neno "bwawa" lilikuwa limepita vinywa vingi, kila mmoja akilipokea kwa mwenzake, na ukilifuata nyuma hukuti aliyeliona bwawa hilo.

Siwalaumu sana vijana wetu. Mwandishi wa mashinani aghalabu hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, nauli ya kwenda Marigat aitoe mfukoni mwake, na saa kumi na moja jioni mhariri amdai nukuu. Basi humpigia yule bwana wa Nairobi asiyekosa kupokea simu, ambaye juzi alizungumzia bei ya unga, jana uchaguzi, na leo yu tayari kwa ngano. Ilhali pale Njoro, mwendo mfupi tu wa matatu, wapo watafiti wanaojaribu mbegu za ngano kutoka nchi nyingi dhidi ya kutu ya shina, na simu zao hazilii.

Walakini alama niipendayo kuliko zote ni mtaalamu kuujua mpaka wake. Kati ya 2010 na 2013 Ziwa Nakuru lilifura hata likalimeza lango kuu la mbuga, na tangu hapo kila mtu ana sababu yake: mvua, tope la kutoka Mau, au nyufa za chini. Nilimwendea mjuzi mmoja wa ndege, akanieleza kwa nafasi kwa nini heroe walihamia Ziwa Bogoria, kwamba maji mapya yaliipunguza chumvi na mwani waulao ukaadimika. Nilipomuuliza ziwa limefura kwa nini, alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo si langu, mzee," kisha akaniandikia namba ya mtu asomaye kipimo cha maji cha ziwa jingine, kaskazini.

Huyo alinipokea kwa salamu ndefu, akanitajia kimo cha maji cha asubuhi ile, nami nilikuwa nimekwisha kukiandika aliponizuia. "Usikilinganishe na cha zamani," akasema, "kwani kipimo cha kwanza kilizama, na hiki tulikisimika juu zaidi; mpaka wapimaji waje waviunganishe viwili hivi, namba yangu ni ya leo na jana tu." Habari ilitoka siku nne baadaye, bila ya namba ya zamani.