Leta na Maji Yake

Nilipompigia Ami simu kumwambia kuwa mashine ya ukungu ya mwanangu imegoma, hakuuliza ni ya kampuni gani wala tuliinunua bei gani. Aliuliza, "Ilififia, au ilizima ghafla?"

Nikasema sijui, labda nimuulize mwenyewe.

"Muulize. Kisha niletee kila kitu. Mashine, adapta, bomba lake, na maji yake."

"Maji, Ami?"

"Maji yaleyale inayotiliwa. Yatie kwenye chupa uje nayo."

Ami si ndugu wa baba yangu. Ni mzee wa Mombasa, na watu wa pwani tulioko huku mashariki mwa London wote twamwita hivyo. Aliingia ufundi wa redio akiwa kijana, enzi ambazo redio ikinyamaza ilifunguliwa, haikutupwa. Siku hizi ana meza moja tu nyuma ya duka la vitambaa, taa ya shingo ndefu, mita ya mshale ambayo kioo chake kimepasuka pembeni, na debe la biskuti lililojaa skrubu. Nimekaa kwenye meza hiyo mara nyingi, hata nisipokuwa na kitu kibovu. Kumtazama akitafuta ubovu ni raha ninayoifananisha na kumsikiliza mtu anayejua kusoma Kurani vizuri: hakuna pumzi inayopotea.

Kwanza niseme mashine yenyewe ni ya nini. Mwanangu anafuga kinyonga wa pembe tatu. Kinyonga huyo alizaliwa hapahapa Uingereza, kwa mfugaji, lakini jadi yake ni kwetu, misitu ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Jina lake la kisayansi lilitolewa mwaka 1896 na Boulenger, mtaalamu wa jumba la makumbusho la papa hapa London. Huko milimani, jua likizama baridi hushuka, mawingu huingia msituni yakakaa chini ya miti, na alfajiri kila jani linadondoka matone. Kinyonga hanywi maji ya bakuli. Hulamba matone hayo. Sasa mtie kiumbe huyo katika chumba cha ghorofani London mwezi wa Januari, vipasha joto vimewashwa mchana kutwa, hewa kavu mpaka midomo ya watu inapasuka. Ndiyo maana kizimba chake kimeunganishwa na mashine inayopuliza ukungu kuanzia usiku wa manane hadi kukaribia mapambazuko. Mchana huzimwa ili majani yakauke, maana joto na unyevu vikikaa pamoja bila hewa kupita humletea mnyama maradhi ya mapafu.

Mashine ikigoma usiku mmoja, kinyonga hafi. Ikigoma wiki mbili bila mtu kujua, macho huanza kubonyea, na ngozi inayobambuka hukwama vidoleni. Mwanangu aliliona hilo la ngozi. Shauri lake lilikuwa kununua mashine mpya.

Jumamosi nikapanda kwa Ami.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Amesemaje?"

Nikamweleza jibu la kijana. Ukungu ulikuwa ukipungua kidogo kidogo kwa muda wa mwezi hivi. Akasoma mahali kwamba chokaa ya maji ya bomba ndiyo inayoua mashine hizi, akanunua maji yasiyo na chumvi, yale ya kutia kwenye pasi ya mvuke. Akamwaga ya zamani, akatia hayo mapya. Tangu hapo mashine ikanyamaza kabisa.

Ami akacheka kidogo, akavuta kiti. "Basi hapa pana maradhi mawili, na ya pili yamekuja kutibu ya kwanza."

Hakushika bisibisi. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Nimeona mafundi wengi ambao mkono hutangulia kabla ya sikio: ukiweka kitu mezani tu, tayari skrubu nne ziko nje na kitu kimelala tumbo wazi. Ami alichukua glasi mbili. Moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya kwenye chupa yangu. Akaiweka mita kwenye kipimo cha ukinzani, akatumbukiza ncha zake mbili katika glasi ya kwanza. Mshale ukanyanyuka. Akazifuta ncha kwa kitambaa, akazitumbukiza katika glasi ya pili. Mshale ukalala palepale kana kwamba ncha ziko hewani.

"Umeona? Haya maji ni safi mno. Hayapitishi umeme."

Kisha akanionyesha pini ndogo ya chuma iliyochomoza kando ya kisahani kinachotoa ukungu, urefu wake hauzidi punje ya mchele. Hiyo ndiyo inayoiambia mashine kama kuna maji. Kijiumeme kidogo sana hutoka kwenye pini, hupita majini, hurudi kwenye mwili wa chuma. Kikipita, mashine inajua imezama, inawaka. Kisipopita, inajua iko kavu, inajizima, maana kisahani kikitetema bila maji juu yake hupata moto na kuharibika kwa muda mfupi sana. Mashine ya mwanangu ilikuwa imejaa maji hadi alama, na kwa hesabu yake yenyewe ilikuwa kavu. Ilikuwa ikijilinda. (Ziko zinazotumia boya lenye sumaku badala ya pini, na hizo hazijali maji ni ya aina gani.)

Ami akatia mashine umeme, akamimina ndani yake vijiko viwili vya maji ya bomba. Taa ya kijani ikawaka. Ukungu ukatoka, mwembamba, kama moshi wa udi unaokaribia kwisha.

Nikasema, "Imepona!"

"Imeamka. Haijapona."

Akaniita niiname nitazame ndani kwa tochi. Kisahani cha kauri, kipana kama sarafu, milimita 20 hivi, kimelala chini. Umeme hukitetemesha mara kama milioni 1.7 kwa sekunde, mbali kabisa na sauti ambayo sikio la mtu laweza kuisikia. Mtetemo huo husukuma maji juu yake yakapanda kama kichuguu, na kwenye kilele cha kichuguu ndipo maji hupasuka kuwa vijitone vidogo mno. Hakuna kuchemsha popote. Ukiweka mkono juu ya ukungu huo unahisi ubaridi. Jambo hili lina asili ya mbali. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba kuna fuwele zikibanwa hutoa umeme, na punde ikajulikana kuwa umeme nao huzinyoosha na kuzibana. Mwaka 1927 Robert Wood na Alfred Loomis, Wamarekani, wakaandika jinsi sauti isiyosikika ya aina hiyo ilivyonyanyua kimiminika na kukifanya ukungu. Leo maarifa hayo yamo ndani ya kifaa anachonunua mwanafunzi kwa fedha zake za likizo.

Kichuguu nilichokiona kilikuwa kifupi na kimeinama upande. Ami alikisoma kama daktari anavyosoma ulimi. Kikisimama wima na kurukaruka, kisahani kizima. Kikiwa bapa, ama maji ni mengi kupita kiasi, ama umeme ni haba. Kikiinama, kuna kitu kimekaa upande mmoja wa kisahani. Akapunguza maji kwanza, yabaki kina cha vidole viwili juu ya kisahani, kwa kuwa maji yakizidi mtetemo huchoka kabla ya kufika juu. Kichuguu kikapanda kidogo, lakini bado kimeinama.

Akazima, akachomoa waya ukutani. Hilo hulifanya kila mara na hulisema kwa sauti kila mara, "Nimechomoa," hata akiwa peke yake. Kisahani kinachotetema huunguza kidole, na umeme na maji si watu wa kufanyiwa mzaha. Akayamwaga maji, akanipa nione kwa kioo cha kukuzia: ukoga mweupe, mgumu, kama ule unaoganda ndani ya birika la chai, umefunika theluthi ya kisahani.

"Maji ya London yamepita kwenye mwamba wa chaki," akasema. "Ya visima vya kwetu yamepita kwenye matumbawe. Chokaa ni ileile. Mama yangu alikuwa akilisafisha birika kwa ndimu."

Alitumia siki nyeupe. Akaimimina mpaka ikakifunika kisahani na pini yote, akatazama saa, akaweka maji ya chai jikoni. Tukanywa chai ya tangawizi, tukazungumza habari za Mombasa, nani amefariki, nani amejenga. Vipovu vidogo vilikuwa vikipanda toka kwenye ukoga, kimoja kimoja. Niliuliza kwa nini asiukwangue kwa ncha ya kisu tumalize. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuwahi kumuona akiangalia mtu aliyekosea, kwa huruma. Juu ya kauri kuna utando mwembamba unaoikinga na maji, akaeleza. Ukiukwaruza, maji hupata njia, na kisahani kilichokuwa kinahitaji nusu saa ya siki sasa kinahitaji kutupwa. "Chokaa imejenga mwezi mzima. Nikiipa nusu saa iondoke, nimeiharakisha sana."

Baada ya nusu saa akachukua kijiti cha pamba, akakizungusha juu ya kisahani kuanzia katikati kwenda nje, kwa uzito wa mkono unaopaka mtoto wanja. Akageuza pamba, akarudia. Akasafisha pini pande zote, maana nayo ikivaa chokaa huacha kuhisi maji. Akasuuza mara tatu, akanusa, akasuuza mara ya nne, kwa sababu siki itakayobaki humalizikia katika pafu la mnyama mdogo. Akakitazama tena kwa kioo kama kuna doa jeusi au kishimo katikati. Hiyo huwa dalili ya kisahani kilichochakaa, na hapo hakuna siki, hubadilishwa kwa kingine cha upana uleule na mtetemo uleule. Hakikuwa na doa. Visahani hivi hufanya kazi maelfu ya saa vikitunzwa.

Adapta akaipima mara mbili. Bila mzigo, volti 24. Nami nilidhani imetosha, lakini akaiunganisha na mashine, akapima tena ikiwa inafanya kazi. Adapta inayougua hutoa volti zake zote ikiwa imekaa bure, kisha huporomoka ikipewa kazi, kwa kapasita iliyovimba ndani. Hii ilishuka kidogo tu, ikasimama. "Nzima," akasema, na hakuifungua.

Feni aliipuliza vumbi. Bomba akaliinua juu akaliangalia dhidi ya taa, na hapo tukakuta kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekishuku: maji yenye utelezi yamelala ndani ya mikunjo, pale bomba lilipoinama kati ya mashine na kizimba. Ukungu unaopita kwenye bomba hujikusanya ukawa maji, maji hukaa kwenye bonde la bomba, na yakijaa huziba njia. Mashine yaweza kutoa ukungu mwingi ndani ya tangi na kizimba kisipate kitu. Utelezi ule ulimkasirisha zaidi ya chokaa. Kilichomo majini ndicho kitakachopeperuka, akasema, na vijidudu vya maji yaliyolala huingia mapafuni pamoja na ukungu. Akaliosha bomba kwa maji ya moto na sabuni, akalisuuza, akalitundika likauke, akaniagiza mashine ikae chini na bomba lipande moja kwa moja bila bonde, ili maji yanayojikusanya yarudi tangini.

Ndipo akaiwasha. Kichuguu kilisimama katikati, kirefu kama kidole gumba, kinatetemeka, na ukungu mzito ukafurika ukingoni mwa tangi, ukamwagika mezani, ukalifunika debe la skrubu. Ami hakusema neno. Aliuacha utambae mpaka ukamfikia mkononi, akageuza kiganja juu.

Saa mbili na nusu zilikuwa zimepita. Hakuna skrubu hata moja iliyofunguliwa, na bei aliyonitajia ilikuwa ya chupa ya siki. Nililipa zaidi, tulibishana mlangoni kama watu wa pwani wanavyobishana juu ya fedha, mimi nikashinda kwa kuziacha chini ya glasi.

Mwanangu sasa huchanganya maji ya pasi na kidogo ya bomba, kiasi cha kuiamsha pini. Kila Jumapili huyamwaga yote, hukilowesha kisahani kwa siki, husuuza mara nne. Majina ya vinyonga anayajua kuliko mimi. Yeye ndiye aliyeniambia kuwa wako wengine wa milima yetu ambao wanasayansi waliwaundia jenasi mwaka 2006 wakaiita Kinyongia, kutoka neno letu. Ami naye alipoambiwa hilo alitaka aandikiwe kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya meza.

Hayo yalikuwa majira ya baridi mawili yaliyopita. Mashine inafanya kazi kila usiku, na kisahani ni kilekile ilichotoka nacho kiwandani.